Nukta ya Tatu

Shangazi Chrissie anadai aliona kila kitu kupitia dirisha la jikoni lake, akiwa anamenya viazi. Anasema kaka yangu Ownie alitoka kwenye gari lake Alhamisi ile saa nne asubuhi, akitembea kama mtu anayehesabu hatua zake, kopo mkononi. Alilizunguka jiwe la kaburi la mama yetu mara mbili, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayetaka kununua farasi, akanywa funda moja, kisha akawasha grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia. Hata miwani hakuvaa. Akakata, akakata, ukawa unatoka moshi badala ya vumbi, na yeye anazidi tu kukandamiza. Jiwe likalia. Hilo neno ni lake, likalia, na anasema alilisikia mpaka ndani, juu ya sauti ya redio. Halafu Ownie akazima mashine, akakaa kwenye ngazi ya karavani ya baba, akainamisha kichwa na kucheka.

"Mabega yalikuwa yanamcheza hivi," anasema, na hapo hutingisha yake ili uone. "Mlevi ni mlevi tu, hata umlishe kiapo kwa kijiko."

Hadithi hiyo ameisimulia dukani, ameisimulia nje ya kanisa, na jana jioni aliisimulia kwa simu kwa binti yake aliyeko Birmingham, mlango ukiwa wazi ili na sisi tusikie. Kila akiisimulia inanenepa kidogo. Kopo lilianza likiwa moja, sasa yamefika matatu.

Sisemi kwamba amedanganya. Mabega yalitikisika kweli. Lakini kopo lile nililiokota mwenyewe kwenye nyasi na kulinusa. Lilikuwa la soda ya ndimu, limetobolewa matundu chini kwa msumari, na ndani mlikuwa na maji ya bomba. Alikuwa akilimwagilia jiwe. Na mtu anayelia, ukimtazama kutoka nyuma, kupitia kioo chenye mvuke wa jikoni, hana tofauti na anayecheka.

Nilimwendea shangazi Chrissie nikamwambia habari ya kopo. Alinisikiliza huku akifuta meza. Akasema ndugu yangu ni ndugu yangu, hakuna anayenilaumu kwa kumtetea, na je, mtoto homa imeshuka?

Kilichopasua jiwe la mama nakijua mimi. Nimekijua tangu Alhamisi saa sita mchana. Leo ni Jumamosi.

Baba yangu hajui kusoma. Ownie alikaa darasani miaka minne akitazama dirishani, wakamwacha atazame. Mimi nilimaliza shule ya msingi, halafu nikatolewa nikiwa na miaka kumi na miwili, kama wasichana wengi wa rika langu kwetu sisi Wasafiri, watu wa karavani wa Ireland, ili nimsaidie mama. Kwa hiyo kusoma kwa nyumba nzima kulikuwa kwangu: barua za halmashauri, chupa za dawa, na diski za kukatia zinazofungwa kwenye grenda.

Baba alikuwa akikata vyuma chakavu, na miezi ya joto yeye na Ownie walitengeneza njia za magari mbele ya nyumba za watu wa mjini. Leo lami, kesho zege, keshokutwa matofali. Kila kitu kina diski yake. Mjomba wetu mmoja aliwahi kung'oa kingio la grenda ndogo ili afunge diski ya mashine kubwa, akidhani diski ni diski. Mashine ndogo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko kubwa, na ile diski haikutengenezwa kwa kasi hiyo. Ilipasuka usoni pake. Tangu siku hiyo mjomba anatazama dunia kwa jicho moja, na baba hakumruhusu mtu yeyote afunge diski ambayo mimi sijaisoma.

Nilisoma kila kitu. Mizunguko mingapi, upana gani, ya kavu au ya maji. Za chuma hazikunisumbua, ni nyembamba kama biskuti na mtu yeyote anazijua. Zinazosumbua ni zile za almasi, kwa sababu nyingi zinafanana. Ukiishika ya granaiti mkono huu na ya lami mkono huu, ukingo ni uleule, umegawanyika meno mapana meno mapana, na rangi ya bati ni ileile. Tofauti imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katikati, na karatasi huungua siku ya kwanza ya kazi.

Mzee wa duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyenieleza, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alinituma nikaulize kwa nini diski mpya imegoma kukata. Yule mzee alinifungulia kinywa chake mwenyewe akanionyesha. Akasema vipunje vya almasi ni meno, na chuma kilichovishika ni fizi. Jiwe likiwa gumu kama granaiti, linayafanya meno kuwa butu upesi, kwa hiyo fizi lazima ziwe laini, ili jino lililochoka lianguke na jipya litokeze. Lami ni kinyume. Lami na zege bichi vina mchanga unaokula fizi, kwa hiyo hapo fizi lazima ziwe ngumu, la sivyo meno yote yataanguka kabla hujafika kona. Sasa ukichukua diski ya lami ukaipeleka kwenye granaiti, meno yanakuwa butu na hayaanguki. Diski inang'aa kama kijiko. Haikati, inasugua. Mwenye kazi anaona haiendi, anakandamiza, jiwe linapata moto, na jiwe lililopata moto upande mmoja halina msamaha.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba, kinywa wazi vilevile. Mama alicheka mpaka akaketi.

Rangi zilikuwa wazo la mama. Alikuwa na kisanduku cha rangi za kucha, chupa zaidi ya ishirini, na alikuwa akipaka hata siku asiyotoka. Akasema, kama hawa wanaume hawajui herufi, rangi si wanazijua? Basi nikawa nikisoma diski, kisha naipaka duara lote kuzunguka tundu la katikati. Waridi ni tofali. Zambarau ni lami na zege. Nyeupe ya lulu ni granaiti na vigae, kwa maji. Nati ikikwaruza upande mmoja, upande wa pili rangi inabaki. Miaka kumi tulienda hivyo na hakuna aliyekosea. Watu walimtania baba kwamba vifaa vyake vinaenda harusini.

Mama alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Baada ya mazishi karavani yake ilichomwa pamoja na kila kilichokuwamo, kama tunavyowafanyia wetu. Mimi ndiye niliyeingia mara ya mwisho kuhakikisha hakuna gesi. Kisanduku kilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Nilikitazama. Cha marehemu hakiguswi, nikakiacha, nikatoka. Baadaye, moto ulipokolea, nilisikia chupa zikipasuka moja moja.

Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, ninaishi na watu wa mume wangu karibu na Mullingar, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Mwezi wa nne nilikuja kumtazama baba. Ownie akanifuata na ndoo ya diski mpya, akaniambia nimsomee, maana kazi za kiangazi zimekaribia. Nilikuwa na chupa moja tu ya rangi ya kucha, ile ya harusi yangu, nyekundu. Nikasema basi, tutumie nukta. Mtoto alikuwa analia. Nilisoma nikiwa nimesimama, mtoto begani, nikipaka kwa mkono mmoja. Nilizitoa kwenye ndoo kama zilivyokuja. Ya kwanza kutoka ilikuwa ya tofali, ikapata nukta moja. Ya pili granaiti, nukta mbili. Ya tatu lami, nukta tatu. Nukta ndogo, karibu na tundu, pale pale ambapo zamani nilikuwa nikipaka duara.

Hivyo tu. Kwa sababu ndivyo zilivyotoka kwenye ndoo. Ingekuwa lami ndiyo iliyotoka ya pili na granaiti ya tatu, nukta moja ingefutika na diski ya granaiti ingeharibika kwenye njia ya gari ya mtu, Ownie angetukana, na tungecheka. Nimeligeuza jambo hili kichwani siku tatu sasa na kila mara linaishia kwenye ndoo.

Ownie alikuwa mnywaji, sitaficha. Mama alipougua alikunywa zaidi. Lakini mwezi mmoja baada ya mazishi, kwenye misa ya kumkumbuka, alienda mbele ya padri akashika msalaba na kuapa kwamba hatagusa pombe mpaka jiwe la mama libarikiwe. Kiapo hicho kwetu si mchezo. Miezi kumi na moja alikunywa chai na soda. Alinenepa. Kwenye harusi ya binamu yetu wavulana walimwita bibi harusi kwa sababu ya soda yake ya waridi, na yeye akawainulia glasi. Baba hakumsifu, baba hasifu, lakini alianza kumwachia funguo za gari.

Jiwe lilifika Jumatano, nikiwa nimeshakuja na mtoto kwa ajili ya siku ya kulibariki. Baba alikuwa amelingojea mwaka mzima na hakumwonyesha mtu mchoro. Granaiti nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona, na juu yake uso wa mama kutoka kwenye picha ya harusi yangu, akitazama pembeni kama mtu aliyeitwa. Chini ya uso, mkono wake umeshika birika. Chini ya birika, lile gari la farasi alilozaliwa ndani yake. Baba alipoondoa blanketi wanawake waliguna kwa mshangao, na yeye akavaa kofia yake vizuri.

Msimamizi wa makaburi akaja na futi yake. Alikuwa mpole, akavua kofia kwanza. Akapima mara mbili. Jiwe lilizidi kimo kinachoruhusiwa kwa upana wa kiganja. Akanipa karatasi nikaisoma, na ilikuwa kweli, imeandikwa. Halitasimamishwa mpaka lipunguzwe. Kubariki kulikuwa Jumapili. Jamaa wa Birmingham na Manchester walikuwa wameshakata tiketi za meli, padri ameshapangiwa, mabasi mawili. Aliyelichonga jiwe yuko kaunti nyingine, na simu yake ilisema wamefunga kwa likizo mpaka wiki ya pili.

Chini ya gari la farasi jiwe lilikuwa tupu, halina maandishi. Baba akasema litakatwa hapo. Akamtazama Ownie, akasema, "Umekata njia za magari nusu ya kaunti hii. Kipande hicho kitakushinda?"

Ownie akasema hakitamshinda. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyechaguliwa kubeba msalaba kwenye maandamano.

Nilipanga kusimama pale naye. Usiku mtoto akapata homa, na asubuhi ikabidi nimpeleke kwa daktari mjini. Kabla ya kuondoka nilimgongea Ownie dirisha la gari lake. Nikamwambia achukue ya nukta mbili, na maji mengi.

"Nukta mbili, maji mengi," akasema. "Nenda, Rosaleen. Unadhani mimi ndiye mwenye homa?"

Niliporudi ilikuwa saa sita. Watu wote walikuwa nje. Jiwe lilikuwa limelala juu ya mbao, kipande cha chini kimetoka, na kutoka pale palipokatwa ufa ulikuwa umepanda. Haukunyooka. Ulipita kwenye gurudumu la gari, ukapita kwenye birika, ukapanda mkono, na ukaishia kwenye shavu la mama, chini ya jicho.

Baba alikuwa amesimama bila kofia. Ownie alikuwa kwenye ngazi, kama shangazi Chrissie anavyosema, ila alikuwa ameshainua kichwa.

"Umevunja kiapo," baba akasema. "Juu ya uso wa mama yako."

"Sijanywa, baba."

"Basi ni nini?"

Grenda ilikuwa kwenye nyasi, na diski ilikuwa bado imefungwa. Ownie aliitazama ile diski. Kisha alinitazama mimi, nikiwa na mtoto mkononi, mfuko wa dawa kwenye kidole. Alinitazama kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja.

"Sijui," akasema.

Baba akamwambia aondoke machoni pake. Hakupaza sauti. Ownie aliingia kwenye gari lake, akakaa kidogo huku ameshika usukani, akaondoka. Hakuna aliyemzuia, na miongoni mwa wasiomzuia nilikuwemo.

Watu walipotawanyika nilifungua nati. Diski ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa buluu pembeni, na meno yake yalikuwa yanang'aa kama kijiko. Karibu na tundu palikuwa na nukta mbili nyekundu. Nikaigeuza kwenye mwanga. Pembeni ya nukta ya pili, mahali ambapo nati hubana, palikuwa na kivuli cha duara, chembamba, chenye wekundu kidogo ukingoni. Nukta ya tatu. Diski ilikuwa ya lami, na nukta hiyo ilikuwa imeliwa na nati, kidogo kidogo, kiangazi chote, juu ya lami ya watu.

Nikaivingirisha kwenye nepi safi ya mtoto nikaiweka chini ya mfuko wangu. Tangu hapo kila mtu anaponisalimu, nahisi uzito wake kana kwamba ninaubeba mdomoni.

Watu huniita mvumilivu. Tangu utotoni, Rosaleen anajua kusubiri, Rosaleen hana haraka. Siku hizi tatu nimegundua kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu wangu ni woga tu, na silijui jina jingine la kuuita. Alhamisi nilijiambia baba apoe kwanza. Ijumaa nilijiambia Ownie atarudi akiwa na njaa, nitamwambia yeye kwanza, tutacheka tukilia. Nilipika nyama ya nguruwe na kabichi, nikamfunikia sahani. Usiku niliwapa mbwa.

Namba yake niliipiga Alhamisi jioni ikaita mpaka ikachoka. Ijumaa asubuhi ilikuwa imezimwa. Kwetu hapa simu ya kijana ikizimwa watu hawaulizi ameenda wapi, wanaanza kuzunguka na magari wakimtafuta kabla hajajidhuru. Kwenye yale makaburi, mstari wa mama, kuna mawe matatu ya wavulana ambao hakuna hata mmoja wao aliyefika miaka ishirini na mitano. Yana picha za farasi, magari, na glavu za ndondi, na hakuna anayetaja walivyokufa. Mmoja wao alikuwa rafiki wa Ownie. Mume wangu alikuja Ijumaa, akazunguka na binamu zangu wawili mpaka bandarini. Gari la Ownie halikuonekana. Baba aliwaona wakiondoka na hakuuliza wanakwenda wapi.

Ijumaa hiyohiyo nilimpata mchonga mawe kwenye namba yake ya nyumbani. Akasema ufa unaweza kuzibwa kwa gundi maalumu na kung'arishwa, mtu wa mbali asione, au atachonga jingine katika wiki nane. Nilimweleza baba yote mawili. Alikuwa akinyoa. Akasema hapana. Jiwe litasimama kama lilivyo. Litabarikiwa kama lilivyo. Kila atakayekuja Jumapili, wa Birmingham, wa Manchester, wa wapi, aone alichomfanyia mama yake.

"Na wanawe wataona," akasema kwenye kioo, "kama atawapata."

Leo asubuhi wanaume walilipeleka. Msimamizi wa makaburi alikuja na futi yake, akapima, akasema kimo sasa ni sawa, hakuna tatizo, pole sana. Nililiona likisimamishwa. Jana nilidhani ufa utaonekana kama mkwaruzo. Jua lilipolipiga, ulionekana kutoka getini, mweupe, kama uzi. Shangazi Chrissie alipiga ishara ya msalaba, kisha akalipiga picha.

Saa saba mchana nikiwa nje ya geti la makaburi nilipiga tena namba ya Ownie. Sikutegemea kitu. Ikaita. Ikaita mara ya pili, kisha ikakatwa, na si kwa yenyewe, ilikatwa na mtu. Nilisimama pale barabarani na magari yakinipigia honi. Yupo. Mahali fulani alikuwa ameishika simu mkononi, akaona jina langu, akabonyeza.

Nikaielewa ile "sijui" yake. Angeweza kusema, ilikuwa na nukta mbili, Rosaleen ndiye aliyeniambia nukta mbili. Maneno machache tu, na baba angenigeukia mimi. Aliyaona kwenye diski, akanitazama nikiwa na mtoto mgonjwa, akayameza, akaondoka nayo. Na nikipiga mimi, hapokei, kwa sababu anajua nitataka kuyasema, na kwa sababu mtu wa kumrudisha si mimi.

Kwa hiyo nilimpa mume wangu mtoto, nikaenda kwenye karavani ya baba.

Alikuwa mezani, suti ya kesho imetundikwa kwenye mlango wa kabati. Alikuwa akipaka viatu rangi. Niliketi mbele yake nikaifungua nepi. Alitazama diski, kisha akanitazama, na nikaona anadhani nimemletea ushahidi dhidi ya Ownie.

Nikamweleza. Sikuwahi kuzungumza na baba kwa muda mrefu hivyo tangu siku ya kuposwa. Nilimweleza habari ya ndoo, chupa ya harusi, mtoto begani. Nilimweleza kwamba lami ilitoka ya tatu. Nilimkumbusha fizi na meno, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilimweleza kopo lenye matundu. Nikamwambia Ownie hakunywa, alifanya nilichomwambia, neno kwa neno, nukta mbili, maji mengi, na kwamba kilichompasua mama uso ni kazi ya mkono wangu. Alichukua diski akaiweka gotini. Akapitisha kidole gumba kwenye nukta ya kwanza, kwenye ya pili, halafu kwenye ule ukingo mwembamba pembeni yake.

"Yeye alijua?" akauliza.

"Aliiona. Ndiyo maana aliniangalia."

"Akasema hajui."

"Alisema hajui, baba."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye ubavu wa gari la mtu na mtu huyo akiwafokea. Basi la kwanza la jamaa lilikuwa limeingia, nikawasikia wakiulizana kwa Kiingereza cha Birmingham nani mnene zaidi, nani kazeeka. Shangazi Chrissie aliwapokea. Sauti yake ilitufikia waziwazi: saa nne asubuhi, anatembea kama anahesabu hatua, makopo matatu.

Baba aliisikia. Nilimwona akiisikia. Angeinuka tu akafungua mlango, angeikata pale pale. Hakuinuka. Rangi ya viatu ilikuwa imemgusa kwenye kifundo cha mkono na alikuwa akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nadhani aliliona lile jiwe, limeshasimama, uzi mweupe mpaka shavuni, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema lisimame hivyo ili watu waone. Nadhani aliliona pia gari la Ownie likiondoka siku ile. Lakini nadhani tu. Uso wake haukuniambia kitu.

Nilichukua simu ya baba, nikatafuta jina la Ownie, nikaiweka mezani mbele yake, upande wa mkono wake wa kulia.

"Imeita leo, baba. Saa saba. Mara mbili, halafu akakata. Kwangu hapokei. Lakini namba ya kwako ikiita, atapokea. Huna haja ya kusema mengi. Mwambie tu aje kesho, asimame na sisi."

Mwanga wa simu ukafifia, ukazimika. Nikaugusa ukawaka tena, jina lake juu. Kidole gumba cha baba kilikuwa bado kimebonyeza mahali pa ile nukta ya tatu, kikizunguka polepole, kama mtu anayejaribu kufuta kitu ambacho tayari hakipo.

"Baba," nikasema. "Mpigie."